Nimewaza chanya mwaka mzima na bado niko vilevile, nianzie wapi?

Swali: Shikamoo dokta. Mimi ni dada wa miaka 31, nafanya kazi ya ofisini. Mwaka jana wote nilikuwa najilazimisha kuwaza chanya maana kila mtu anasema ukibadilisha mawazo na maisha yanabadilika, nikawa kila nikiamka najiambia niko vizuri, naweza, napendwa, ila moyoni naona najidanganya tu. Nimepunguza kuonana na watu, simu nyingi sipokei. Wiki jana bosi kanitumia meseji, kesho ukipata nafasi pita ofisini kwangu tuongee, usiku kucha sikulala na asubuhi nikasema naumwa sikwenda. Kula nakula, kazini siku nyingi naenda, ila raha sina. Naomba kujua, kati ya mawazo, hisia na tabia kipi ndo chanzo? Na nianzie wapi kujirekebisha?

Jibu:

Marahaba dada yangu, na pole kwa mwaka mzima wa kujisukuma peke yako.

Nikupe jibu fupi kwanza. Hakuna kimoja ambacho ndo chanzo siku zote. Leo linaanza wazo, kesho ni mwili umeamka umechoka, keshokutwa ni kitu umefanya au umeacha kufanya, na kimoja kikishaanza vingine vinaitikia hapohapo. Kwa hiyo kutafuta chanzo hakutakusaidia sana, utazunguka. Swali lako la pili ndo lenye kazi, na hapo mimi nina msimamo: anzia kwenye unachofanya. Mawazo tutayafuata baadaye, na hisia zitakuja zenyewe nyuma yake, zikiwa zimechelewa.

Tuichukue ile meseji ya bosi, maana umenipa mfano mzuri kuliko ambao ningetunga mwenyewe. Meseji yenyewe haisemi zuri wala baya. Unaisoma, na kabla hata hujaimaliza kuna sentensi imeshapita kichwani, ya kwako siijui ila kwa wengi huwa ni kitu kama "nimeshaharibu" au "naachishwa kazi". Hiyo sentensi hukukaa chini ukaitunga, imejileta. Moyo ukaanza kwenda mbio, tumbo likakaza, na mwili ukishakuwa hivo akili inaanza kutafuta sababu za mwili kuwa hivo, na inazipata kweli, ile kazi uliyochelewesha, siku ile bosi alikupita bila salamu, mwenzako aliyeondolewa mwaka juzi, kila kumbukumbu inayokuja ni ya upande mmoja tu. Hili limechunguzwa sana, mtu akiwa na huzuni au hofu kumbukumbu za aina hiyohiyo ndo zinafunguka kirahisi, zile siku ambazo bosi alikuita akakupongeza zipo, ila ziko mbali na mkono haufiki. Ukakesha. Asubuhi mwili hauna usingizi, na mwili usiolala unashtuka haraka zaidi kwa vitu vidogo, hivyo hofu ya asubuhi ikawa kubwa kuliko ya jioni ingawa meseji ni ileile haijaongezeka hata neno. Ukapiga simu ukasema unaumwa.

Hapa nataka tukae kidogo. Ulipomaliza ile simu ya kuomba ruhusa ulijisikiaje? Nabashiri ulipata nafuu, mabega yakashuka, labda hata usingizi ukaja. Hiyo nafuu ndo inayokula watu. Mwanasaikolojia mmoja Mmarekani anaitwa Mowrer alieleza jambo hili mwaka 1947, kwamba hofu mtu anajifunza kwanza, halafu anajifunza kukwepa, na kukwepa kunakaa kwa miaka kwa sababu kila ukikwepa unalipwa papo hapo kwa ile nafuu. Mwili wako umeandika somo: bosi akiita, kaa nyumbani, utapona. Ni mkopo wa riba huo, hela unapewa leo unapumua, deni linakuja kesho limenenepa, na kesho ile kuipita tu korido ya ofisini kwa bosi kutakuwa kuzito kuliko jana. Na kuna hasara nyingine ambayo watu hawaioni kabisa: hukujua bosi alitaka nini. Lile wazo "naachishwa kazi" halikupata nafasi ya kugongana na ukweli, limebaki zima, tena sasa lina ushahidi wa ziada kwamba hata kwenda hukuweza.

Umeona mishale inavyokwenda? Wazo likazaa hofu, hofu ikaita mawazo mengine, usingizi ukakatika, tabia ikafuata, halafu tabia ikarudi kulilisha lile wazo la kwanza. Watu wakichora hii kitu huwa wanachora mshale mmoja tu, mawazo yanaleta hisia, hisia zinaleta tabia, bas. Ule mshale wa kurudi, kutoka tabia kwenda kwenye mawazo, unasahauliwa, na kwako wewe huo ndo unaofanya kazi kubwa kuliko yote. Hayo ya kutopokea simu na kupunguza watu yako kundi hilohilo.

Sasa haya mambo ya "badilisha mawazo" yametoka wapi na kwa nini hayajakufaa. Miaka ya 1960 kule Philadelphia alikuwepo daktari wa akili, Aaron Beck, alikuwa amesomea ile shule ya kizamani ya kumlaza mgonjwa kwenye kochi aongee utoto wake. Akagundua wagonjwa wake wenye sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu, wana mawazo mafupimafupi yanayopita haraka pembeni wakati wanaongea mambo mengine, "ananiona mjinga", "siwezi kitu", na wenyewe hata hawayasemi kwa sababu wanayaona kama ukweli wa kawaida. Akayaita mawazo ya kujileta yenyewe. Mwenzake Albert Ellis alikuwa ameanza na njia inayofanana katikati ya miaka ya 1950, na wote wawili walikiri wamechota kwa wanafalsafa wa zamani wa Kistoa, hasa Epictetus aliyefundisha kwamba watu hawasumbuliwi na mambo yenyewe bali na wanavyoyachukulia. Kutoka hapo ikazaliwa tiba ya mawazo na tabia, ile maarufu kwa herufi CBT, ambayo mpaka leo ni moja ya tiba zilizopimwa zaidi kwa sonona na wasiwasi.

Ila Beck hakusema uwaze chanya. Alisema ulipime wazo kama ni kweli, ulitendee kama dhana ya kwenda kuichunguza, na hilo ni jambo tofauti kabisa na kujiimbia asubuhi. Tena kwenye kitabu cha tiba ya sonona alichotoa na wenzake mwaka 1979, mgonjwa aliyelemewa haanzi na mawazo, anaanza na ratiba ya shughuli, afanye nini saa ngapi, mawazo yanafuata akishapata nguvu kidogo. Njiani huko mtaani kikakatwa kile kipande cha kazi kikabaki kipande kitamu cha maneno, na sasa kila mwenye simu ni mhubiri wa kuwaza chanya, samahani kwa ukali ila hili limeumiza watu wengi ninaowaona.

Hata yale maneno yako ya kila asubuhi yamewahi kuwekwa kwenye mizani. Mwaka 2009 mtafiti wa Canada, Joanne Wood, na wenzake waliwapa watu sentensi ya kujiambia, yenye maana ya "mimi ni mtu wa kupendwa". Waliokuwa tayari wanajithamini walipata faida kidogo, wasiojithamini wakajisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakuisema kabisa. Na ukitulia unaona kwa nini, maana mtu akijiambia kitu asichokiamini akili haikai kimya, inaanza kuleta pingamizi moja moja, ukisema "napendwa" yenyewe inauliza na nani, lini, mbona fulani hakukutafuta siku yako ya kuzaliwa. Kwa hiyo unapoona moyoni unajidanganya hiyo siyo imani ndogo wala udhaifu, ndivyo akili inavyofanya kazi.

Na kuyafukuza mawazo mabaya kwa nguvu nako hakufai. Mwaka 1987 Daniel Wegner aliwaambia watu kwa dakika tano wasimuwaze dubu mweupe, na kila akiwajia wagonge kengele. Kengele ziligongwa. Kibaya zaidi, baadaye waliporuhusiwa kumuwaza, aliwajia mara nyingi kuliko wale ambao hawakukatazwa mwanzo. Maana ili uhakikishe humuwazi dubu inabidi sehemu ya akili ikae mlangoni ikimsubiri.

Nije sasa kwa nini nasema anzia kwenye kufanya. Miaka ya 1970 Peter Lewinsohn alieleza sonona kwa njia rahisi sana, kwamba mtu akipunguza shughuli anapunguza pia vile vitu vinavyomrudishia ladha ya maisha, mazungumzo, kucheka, kumaliza kazi na kuona imekwisha, hali inashuka, ikishuka hana hamu, anapunguza tena, inashuka tena. Soma tena barua yako utajiona humo. Halafu mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake wakafanya kitu cha kijasiri, wakaikata ile tiba ya Beck vipande. Kundi moja la wagonjwa wa sonona wakafanya ile sehemu ya matendo tu, kundi la pili matendo pamoja na kuyachambua yale mawazo ya kujileta, kundi la tatu tiba nzima. Mwisho wa tiba hakukuwa na tofauti ya maana kati yao, na walipofuatiliwa miezi 6 baadaye ikawa hivohivo. Cha kushangaza ni kwamba wale wa matendo tu mawazo yao mabaya nayo yalipungua sawa na wenzao, bila mtu kuyagusa! Yaani mshale wa kurudi ulikuwepo na ulifanya kazi.

Sisemi mawazo hayana maana, nitayafikia. Ila kati ya hivi vitatu hisia huwezi kuziamuru, jaribu sasa hivi kujiamuru ufurahi uone. Mawazo unaweza kuyaelekeza kidogo, kwa shida, na ukiwa umechoka yanakushinda. Miguu na mikono ndo bado inakusikiliza hata siku mbaya, sio kwa kila kitu, ila kwa kitu kidogo inasikiliza.

Kwa vitendo ningekutaka hivi. Wiki ya kwanza usibadilishe chochote, andika tu. Kila baada ya masaa mawili matatu andika ulikuwa unafanya nini, na nani, na hali yako ilikuwa ngapi kati ya sifuri na kumi. Kwenye simu inatosha, neno moja na namba. Watu huwa wananiambia siku nzima ni mbaya tu, wakiandika wanakuta hapana, kuna saa hali ilikuwa namba mbili na kuna saa ilipanda ikafika namba tano na hawakujua, na mara nyingi ile ya mbili ni kitandani na simu mkononi, ile ya tano ni mahali fulani walipokuwa na mtu au wanafanya kitu kwa mikono. Usinisadiki mimi, angalia daftari lako litasema nini.

Wiki ya pili chagua vitu vidogo vya aina ya ile iliyopanda na uvipangie saa. Nimesema saa, sio "nikijisikia", maana ukisubiri hamu ije kwanza utasubiri sana, hamu kwa mtu aliyeshuka inakuja katikati ya kufanya au baada. Na viwe vidogo kiasi cha kuona aibu kwamba ni vidogo. Kumpigia mtu mmoja unayempenda dakika tano. Kutoka nje kutembea robo saa kabla ya kuingia ndani jioni. Mtu akijipangia aanze mazoezi kila siku, asome vitabu, aamke alfajiri, siku ya tatu ameanguka, na ile kuanguka akili yake inaipokea kama ushahidi mwingine kwamba hawezi, tumerudi kulekule.

Halafu ndo zije zile hofu zenyewe, bosi na simu, na hapa usiende kwa ujasiri, nenda kama mtu anayepima. Kabla ya kwenda andika unachotabiri kitatokea, kwa maneno ya wazi kabisa, na una uhakika asilimia ngapi. "Ataniambia niache kazi, asilimia 80." Nenda. Ukirudi andika kilichotokea, sio ulichohisi, kilichotokea. Kwa bosi mimi ningemwandikia kwamba siku ile sikuweza kufika, leo ni saa ngapi naweza kupita, mistari miwili bila kujieleza sana. Hofu itapanda kwanza, hilo nakuambia mapema ili usije ukadhani umekosea njia, mtu anayeacha kukwepa siku za mwanzo anajisikia vibaya kuliko anayekwepa. Fanya tena na tena, hofu inapungua kidogo kidogo kwa kurudia, na hata siku ambayo haikupungua bado umejifunza kwamba unaweza kuongea ukiwa nayo.

Kitu kimoja kinachoharibu zoezi hili na watu hawakioni ni vile vikinga tunavyobeba. Unaenda kwa bosi lakini umemuuliza kwanza katibu wake mara tatu "amekasirika?", umekariri sentensi zote tangu usiku, unaongea haraka huku unaangalia chini ili yaishe utoke. Umeenda, sawa, ila mambo yakienda vizuri akili inawapa sifa vikinga, "nimepona kwa sababu nilikariri", wewe hupewi chochote. Paul Salkovskis wa Uingereza ameandika sana juu ya hili kwa watu wenye mashambulio ya hofu, wale wanaodhani moyo unasimama, kwamba mtu anaweza kupata mashambulio kadhaa, asife hata mara moja, na bado akaamini atakufa, kwa kuwa kila mara alishika ukuta au alikaa chini na anadhani hicho ndo kilichomuokoa. Kwa hiyo punguza kimoja kimoja. Usivue vyote siku moja.

Mawazo sasa. Ukishakuwa na wiki mbili tatu za kufanya, yale mawazo ya kujileta utayakamata kirahisi zaidi maana utakuwa umeshayaandika kama utabiri. Ukilikamata moja usilibadilishe kwa zuri, liulize maswali. Nina ushahidi gani, ule ambao hata mtu wa nje angeukubali? Kuna maelezo mengine ya jambo hilihili? Rafiki yangu angeniletea hii ningemwambiaje? Jibu linalotafutwa siyo tamu, ni sahihi. "Bosi ananipenda sana" ni uongo kama "bosi ananifukuza", zote hujui. "Bosi anataka kuongea, sijui nini, na huwa anaita watu kwa mambo mengi" hiyo ndo ya kweli, haina utamu wowote ila inakuacha ulale.

Na jihadhari na mtego mmoja ambao naukuta kila mahali, kuchukua hisia kama ushahidi. Najisikia mjinga basi mimi ni mjinga, nina hofu basi kuna hatari, najiona mzigo basi nawachosha watu. Hisia ni ya kweli, hilo sibishi, unaisikia kwenye kifua. Inachokuambia kuhusu dunia ndo cha kuhakiki. Saa nyingine ni mwili tu, umelala masaa matatu, hujala tangu asubuhi, au umepumua haraka haraka kwa hofu mpaka hewa ya kaboni dioksidi mwilini imeshuka ukaanza kusikia kizunguzungu na ganzi kwenye vidole, na akili ikakitafsiri hicho kizunguzungu kuwa msiba. Ukiwa humo kaa upumue taratibu, toa pumzi ndefu kuliko unayoingiza, na uiite hisia kwa jina lake, "hii ni hofu", "hii ni aibu". Inaonekana kitu kidogo, lakini Matthew Lieberman na wenzake mwaka 2007 walionyesha kwa picha za ubongo kwamba mtu akiitaja hisia kwa neno, ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari inatulia kiasi. Huzuni na hofu zina kazi zake pia, sitaki uje kunieleza umezimaliza.

Ukikuta wazo ni la kweli je? Maana linaweza kuwa kweli, labda kuna kazi umeharibu na bosi anataka kukusema. Hapo kulichambua wazo ni kupoteza muda, shughulika na tatizo lenyewe, nini kimeharibika, nani wa kumuona, hatua ya kwanza ni ipi, lini. Na nikuulize hili kwa upole, maana barua yako haikusema: kuna mtu kazini au nyumbani anakunyanyasa, anakutisha, anakupiga? Kama yupo usiende kurekebisha mawazo yako kuhusu yeye. Hofu yako iko sahihi, kinachotakiwa ni msaada na usalama.

Tofautisha pia kufikiri na kusaga. Susan Nolen-Hoeksema alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba watu wanaojisaga na maswali ya "kwa nini mimi, kwa nini niko hivi" sonona yao inakaa muda mrefu zaidi, na wenyewe wanadhani wanatafuta suluhisho. Kipimo changu ni chepesi: ukishakaa na jambo kama dakika kumi, una hatua yoyote ya kufanya? Kama ipo umefikiri. Kama hamna na unarudia palepale unasaga, inuka badilisha mahali, fanya kitu cha mikono. Kwa ule wasiwasi unaokuja kitandani kuna njia ya zamani ya Borkovec na wenzake, 1983, unaupangia wasiwasi nusu saa kila siku, saa ileile sehemu ileile, isiwe kitandani, ukikujia nje ya muda unauandika na kuuambia subiri zamu yako. Huufukuzi, unauahirisha, ndo maana hauna lile tatizo la dubu. Na ukikaa kitandani muda unaoona ni kama dakika 20 hujalala, toka, kaa mahali pengine kwenye mwanga hafifu, rudi ukisinzia, ili kitanda kisigeuke kuwa mahali pa kuwaza.

Nilisema hisia zinachelewa. Ukianza leo usitarajie kesho raha. Unafanya kitu, kwanza hakina ladha, cha pili hakina ladha, namba kwenye daftari inapanda kwa moja halafu inashuka, na hapo ndo watu wengi wanaacha wakisema nimejaribu haikufanya kazi. Mawazo yanahitaji kuona matokeo tofauti mara nyingi kabla hayajalegea, ulichojifunza kwa mwaka mzima wa kukwepa hakifutwi na Jumatatu moja. Jipe wiki sita hivi ndo uangalie daftari lote kwa pamoja.

Mambo mengine machache ambayo lazima niyaseme. Umeniambia unakula na unaenda kazini, ni vizuri, ila kama huzuni au kukosa raha kumekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, kukosa nguvu, kushindwa kutulia kwenye jambo, kujilaumu, basi hiyo inaweza kuwa sonona kamili na inastahili kupimwa na mtu ana kwa ana, siyo na mimi kwa maandishi. Omba na vipimo vya mwili, damu na tezi ya shingoni, maana upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi pole pole vinaweza kumshusha mtu ukadhani ni mawazo. Kama pombe imeingia iseme, usione aibu, inatoa nafuu ileile ya mkopo. Dawa zikihitajika tumia, dawa na tiba ya mazungumzo havigombani. Na kama yamewahi kukujia mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru, usisubiri daftari wala wiki ya pili, mwambie mtu wa karibu leo na mwende pamoja hospitali leo.

Ukimtafuta mtaalamu, tiba ya aina hii kwa kawaida ni kikao kimoja kwa wiki, jumla mara nyingi vikao kati ya 12 na 20. Muulize mapema anafanyaje kazi, anapanga nini na mgonjwa, na anapimaje kama mtu anaendelea vizuri. Mpelekee lile daftari hata kama lina siku nne tu. Ukimaliza vikao vitatu na hamjakubaliana hata kitu kimoja cha kwenda kujaribu kati ya kikao na kikao, muulize kwa nini, na jibu lisipoeleweka tafuta mwingine.